Tone la Iodini Kwenye Maziwa ya Wifi Yangu

Nina miaka hamsini na miwili, wasomaji wenzangu, na ni mjane. Nilizaliwa hapa Kampala katika familia ya Waswahili, na shule niliishia darasa la saba. Ninaandika kwa aibu. Ningeweza kunyamaza, lakini nimenyamaza vya kutosha...

Enzi za utawala wa wanajeshi nilikuwa mke kijana katika mtaa wa Kasubi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya maabara katika shule moja ya sekondari. Mwalimu wa kemia aliniruhusu kusimama mlangoni wanafunzi wakifanya majaribio. Niliona karatasi ya litmasi ikigeuka nyekundu kwenye maji ya ndimu. Niliona dawa ya bluu ikichemshwa na sukari mpaka ikawa na rangi ya matofali. Lakini iliyonishangaza zaidi ilikuwa iodini. Tone moja tu la ile dawa ya kahawia likigusa wanga wa muhogo, papo hapo unakuwa mweusi wa kibuluu!

Mwalimu alikuwa na neno lake kila siku: kwanza jaribuni maji matupu ndani ya chombo hichohicho, maana chombo kichafu kitawadanganya. Nililisikia mara nyingi. Laiti ningelishika!

Wifi yangu, Hadija, dada wa mume wangu, alikuwa akiuza maziwa uani kwetu. Siku hizo kila kitu kilikuwa adimu, sabuni, sukari, chumvi, na wanawake walipanga foleni na vikombe vyao tangu alfajiri. Hadija alikuwa mcheshi, kila mtu alimpenda. Mume wangu hakuacha kumsifu. Mimi nilisifiwa na nani? Ndiyo, nilimwonea wivu. Naandika hivyo hivyo kama ulivyokuwa.

Asubuhi moja nilisema mbele za watu kwamba maziwa yake siku hizi ni mazito mno, huenda yana kitu ndani. Hadija akacheka.

"Jamani, daktari wa kuosha chupa amesema! Wifi, ng'ombe yuko kule, nenda ukampime mkojo!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Uso uliniwaka moto. Nikaingia ndani, nikachukua chupa ya iodini tuliyokuwa tukipaka vidonda, nikabeba na kikombe cha bati kilichokuwa mezani. Nikamwambia anitilie maziwa. Akanitilia, bado anacheka. Nikadondosha tone...

Yakawa meusi!

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Huu ni unga wa muhogo! Anatulisha unga!"

Kicheko kilikatika. Kwenye foleni alikuwapo jirani yetu mmoja, mwanajeshi aliyefanya kazi kwenye kambi ya jeshi ya Mbuya, ambaye hakuvaa sare bali miwani myeusi. Akasogea, akachungulia kikombe.

"Kumbe wewe mama nalisha sisi muhogo? Hii ni magendo! Ingia gari." Siku hizo udanganyifu wowote wa biashara uliitwa magendo.

"Afande, wallahi sijatia kitu," Hadija alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Wifi, waambie basi! Wewe unanijua!"

Nilimjua. Nilikaa kimya.

Alipoondoka naye kwa gari, wanawake walitawanyika, uani hapakubaki mtu. Kopo lake la maziwa lilikuwa palepale. Sijui ni nini kilichonisukuma, nikaosha glasi kwa sabuni, nikamimina maziwa yaleyale, nikadondosha iodini. Yakawa ya manjano hafifu tu. Nikarudia kwa glasi nyingine. Manjano tena! Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi ile binti yangu alikunywa uji wa muhogo ndani ya kile kikombe cha bati, nami nilikisuuza kwa maji ya haraka haraka. Wanga ulikuwa wangu!

Nilikwenda Mbuya kusema ukweli. Nilifika mpaka langoni. Askari akaniuliza, "Wewe nataka nini?" Nikamjibu kwamba nimepotea njia. Nikageuka, nikarudi nyumbani... Mungu wangu, nilirudi nyumbani!

Hadija hakuonekana tena. Hatukupata maiti, hatukupata kaburi. Mume wangu nilimweleza yote. Hakunipiga, hakunifukuza. Aliniomba kitu kimoja tu, mama yake asijue. Tangu siku hiyo hakula chakula mbele yangu mpaka alipofariki.

Mama mkwe wangu aliishi miaka mingi akimngojea bintiye. Mimi ndiye niliyemuuguza. Alipokaribia kufa alisema wazi mbele ya ndugu kwamba maiti yake niioshe mimi, kwa kuwa Hadija hayupo na mimi ndiye binti aliyebaki. Nikamwosha. Machozi yalichanganyika na maji, na wanawake waliokuwa nami wakanong'onezana kwamba hawajaona mkwe mwenye mapenzi kama yale...

Ndugu zangu, ukimshuku mtu, mwite chumbani umwambie mwenyewe. Usimuumbue mbele za watu ili wewe uonekane unajua! Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama aliye langoni ana bunduki. Mimi ninasema leo, na waliopaswa kunisikia wote wamekwisha kufa.