Ndoo ya Maji ya Samaki

Maji yakanipiga usoni... na hayakuwa uji!

Jamani, maji ya samaki waliooza! Magamba mdomoni. Utumbo unaning'inia sikioni. Ptuu!

Aliyenimwagia? Njiti. Mwenzangu wa vichekesho, mtu niliyekuwa namwita dada.

Mnatujua. Mimi Bonge, yeye Njiti. Siku hiyo tulikuwa tunarekodi filamu fupi ya wapishi wawili wagomvi. Ananimwagia ndoo ya uji wa baridi, natoa macho, halafu tunapatana na kukumbatiana shavu kwa shavu.

Na tuna sheria yetu: hata paa lidondoke, hakuna kuacha kuigiza mpaka mwongozaji aseme "Kata!"

Mwongozaji mwenyewe alikuwa anacheka mpaka machozi. Hajui kitu!

Njiti akaninong'oneza, meno nje:

"Nenda kaoge, shoga. Nafasi yako ina mtu."

Nikatupa jicho nyuma ya pazia... mdogo wake! Kavaa gauni kama langu, kajaza mito tumboni na matakoni. Mnaona uchafu huo?

Kazi hii ndiyo inayonilisha mimi na mama. Nikitoka, imekula kwangu.

Nikameza mate. Kosa! Yalikuwa na samaki.

Nikafungua mikono.

"Njoo, mwenzangu, tupatane!"

"Usinisogelee!"

"Si ndivyo tulivyofanya mazoezi, mpenzi?"

Nikamkumbatia. Shavu kwa shavu, nikasugua.

"Niache, mchafu wewe!"

Akanisukuma, akatapika kwenye viatu vya mpiga picha, akatimua mbio nje.

"Kata!"

Mwongozaji akainusa ndoo. Akamwona mdogo mtu na mito yake, akaelewa yote.

"Njiti asirudi hapa! Sasa mwembamba nampata wapi leo hii?"

Mdogo mtu wala hakusita. Akaanza kuchomoa mito, mmoja mmoja.

"Mimi naweza. Maneno ya dada yote nayajua."

Dada yake bado anatapika huko nje! Hata maji hakumpelekea.

"Haya, ingia," mwongozaji akasema.

Filamu imetoka, mmeicheka. Mkiona nimekunja uso pale ninapokumbatiwa na huyo mdogo mtu, mnasema Bonge anajua kuigiza. Wapi! Kile ni kinyaa changu cha kweli.

Wapendwa, ukimfundisha mtu kumpora mwenzako, usishangae akianza na wewe.