Mechi ya Bure na Mafriji ya Shangazi

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia dukani kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Aliweka begi chini ya meza ya kukatia vitambaa, akafagia nyuzi zilizotapakaa sakafuni, kisha akashona vifungo kwenye mashati yaliyokuwa tayari. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Mtaani kote aliitwa Chapuchapu, kwa sababu hakuna jambo alilolifanya taratibu. Alikula chapuchapu, akaoga chapuchapu, na vifungo alivishona chapuchapu hivi kwamba vingine vilijikuta upande wa ndani wa shati.

Shangazi alikuwa fundi cherehani aliyesifika. Suruali zake hazikuachia mshono, na magauni yake yalimkaa mtu kana kwamba alizaliwa nayo. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mpira wa miguu. Tena si mpira wa timu kubwa ambazo kila mtu huzishangilia. Shangazi aliipenda timu ya mji alikozaliwa, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Timu hiyo ilivaa jezi za njano na ilizoea kufungwa, ndiyo maana watu waliiita Vifaranga. Vifaranga wakifungwa, mishono ya Shangazi ilipinda. Wateja walilijua hilo. Mtu hakupeleka kitambaa cha thamani kabla ya kuuliza matokeo.

Shida ilikuwa namna ya kuwaona hao Vifaranga wakicheza. Antena ya runinga ya dukani ilinasa vituo vya hapa tu, na vituo vya hapa vilionyesha timu za hapa. King'amuzi cha jirani kilikuwa na chaneli za mapishi, za wanyama na za watu wanaouza mazulia, lakini Vifaranga hawakuwemo. Shangazi alipomwomba mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira, yule bwana alicheka mpaka akashika mlango.

"Fundi, nikiwaweka Vifaranga, viti vyangu vitatazama vyenyewe."

Ikabaki njia ya Baba Mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake Shangazi, aliyebaki kule kwao. Siku ya mechi alipiga simu ya video na kuielekeza kwenye runinga yake. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, lakini mpira ukikaribia goli alisahau kwamba ameshika simu. Shangazi na Chapuchapu waliona dari, halafu goti, halafu sikio. Bao zuri kuliko yote ya msimu ule, Shangazi hakuliona. Aliliona sikio la mdogo wake likitetemeka kwa furaha.

Sasa msimu ulikuwa unafika ukingoni. Mechi ya mwisho ingechezwa Jumamosi alasiri, na Vifaranga wakifungwa wangeshuka daraja. Ijumaa Baba Mdogo alipiga simu.

"Dada, kesho nakwenda uwanjani mwenyewe," alisema. "Na kule uwanjani mtandao haushiki. Utanisamehe."

Shangazi alisema amemsamehe, akaikata simu, kisha akaishona suruali ya Mwalimu Mkuu miguu yote miwili kwa pamoja.

"Mwanangu," alimwambia Chapuchapu huku akifumua, "kesho asubuhi twende kwa fundi simu, pale ng'ambo ya barabara. Nasikia zipo njia za kutazama mechi za mbali kwenye simu. Atatuonyesha iliyo salama. Simu hii ina namba za wateja wangu wote, sitaki ichezewe."

"Hata mimi najua, Shangazi. Ni kutafuta tu."

"Najua unajua. Ndiyo maana tunakwenda kwa fundi."

Baadaye Shangazi alitoka kwenda kununua uzi mweusi. Simu ilibaki mezani. Chapuchapu aliitazama, nayo ni kama ilimtazama. Akajiambia kwamba Shangazi akirudi na kukuta njia imeshapatikana, atafurahi mpaka asahau kukasirika. Akaichukua.

Alichokiona kwanza kilikuwa ukurasa wa shirikisho lenyewe la ligi. Ulisema kuna matangazo ya mechi kwa mashabiki walio mbali, lakini ulitaka mtu mzima ajiandikishe, asome masharti, alipie kidogo na kusubiri ujumbe wa kuthibitisha. Maandishi yalikuwa marefu. Chapuchapu akapita. Chini yake palikuwa na ukurasa mwingine uliowakawaka kama taa za harusi: TAZAMA MECHI ZOTE BURE. SASA HIVI.

Maneno "sasa hivi" yalimpendeza kuliko maneno yote. Akabonyeza. Ukurasa ukasema, pakua programu hii. Akakubali. Ruhusu isome majina na namba zote za simu hii. Akakubali. Ruhusu itume ujumbe kwa niaba yako. Akakubali. Lau ingemwomba ruhusa ya kuuza cherehani, angekubali pia.

Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Likatokea tangazo la dawa ya kupunguza kitambi, kisha picha ya friji, kisha kioo kikawa cheusi. Mpira haukuonekana hata kwa mbali. Aliposikia viatu vya Shangazi barazani, Chapuchapu aliirudisha simu pale pale ilipokuwa, akashika fagio.

"Leo unafagia mara mbili?" Shangazi aliuliza.

"Kulikuwa na vumbi."

Shangazi akaitazama sakafu iliyong'aa, akatia uzi kwenye cherehani.

Jumamosi asubuhi, kabla hawajavuka barabara kwenda kwa fundi simu, muuza nyama wa pale kona alifika akisukuma mkokoteni. Juu ya mkokoteni palikuwa na godoro kuukuu na kamba.

"Shikamoo," Chapuchapu alimsalimu.

"Marahaba, mtoto. Fundi, nimekuja na mkokoteni wangu mwenyewe, nisikusumbue. Na godoro, lisije likakwaruzika."

"Nini kisikwaruzike?" Shangazi aliuliza.

"Friji."

Shangazi alilitazama godoro, akamtazama muuza nyama. "Friji gani, kaka?"

Muuza nyama akatoa simu yake na kusoma kwa sauti: "Rafiki yangu mpenzi, zawadi yako ya friji iko tayari. Bonyeza hapa uipokee." Akamwonyesha namba iliyotuma. Ilikuwa ya Shangazi. "Mke wangu aliuliza kwa nini unaniita mpenzi. Nikamwambia atulie, kwanza tupate friji."

Mara akaingia mama muuza maziwa. Yeye alitaka jeupe, lenye milango miwili, maana maziwa yanahitaji nafasi. Nyuma yake akaja kinyozi, akiuliza kama anaweza kupewa feni badala ya friji. Mwishoni akaingia Mwalimu Mkuu, amefunga tai ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Mimi sikujia friji," alisema, akikohoa kidogo. "Nimefuata suruali yangu. Lakini kama mengine yapo, basi."

Duka likajaa. Muuza nyama na mama muuza maziwa wakaanza kubishana nani alitangulia. Chapuchapu alikuwa ameshajipenyeza nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo, akachungulia kwa jicho moja.

"Jamani, mimi sina friji," Shangazi alisema. "Na ujumbe huu sikuutuma."

"Namba ni yako, Fundi," mama muuza maziwa alisema.

"Ni yangu. Lakini sikuutuma."

Watu wakatazamana. Muuza nyama akakuna kichwa. "Sasa itakuwaje? Maana nilipobonyeza tu, simu yangu nayo ikawatumia wateja wangu. Hivi ninavyosema, duka langu limejaa watu wanaosubiri mafriji. Nimemwacha mke wangu akiwatuliza kwa supu."

Hapo mzaha ukaisha. Mama muuza maziwa akaomba arudishiwe kitambaa chake, akisema hawezi kuacha mali yake kwa mtu anayecheza na watu. Mwalimu Mkuu akavua miwani.

"Nilikuwa nimekuletea kazi ya sare za shule, Fundi," alisema polepole. "Sasa itabidi niwaulize wazazi kwanza."

Shangazi alikunja kitambaa cha mama muuza maziwa, ncha kwa ncha, akampa. "Miaka yote hii," alisema, "kuna mtu niliyewahi kumdanganya hapa?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na Chapuchapu hakuwahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo, hata siku Vifaranga walipofungwa mabao sita.

Nyuma ya pazia, Chapuchapu aliwaza kwamba hakuna aliyemwona. Shangazi mwenyewe hajui. Akinyamaza, huenda yatapita. Lakini aliona mikono ya Shangazi imelala juu ya cherehani bila kazi. Akafungua pazia.

"Ni mimi," alisema. "Jana nilitafuta mechi ya Vifaranga kwenye simu. Ikaniuliza maswali, nikakubali yote bila kusoma. Shangazi hajui lolote."

Muuza nyama akalitazama godoro lake.

"Kwa hiyo friji halipo."

"Halipo," Chapuchapu alisema.

"Hata dogo?"

"Hata dogo."

"Mlipobonyeza, kuna aliyeulizwa namba ya siri ya pesa?" Mwalimu Mkuu aliuliza, sasa kwa sauti ya darasani.

"Mimi niliulizwa," muuza nyama alisema. "Lakini nimeisahau. Kila nikitaka kutoa pesa, huwa namuuliza mke wangu, na alfajiri nilipobonyeza alikuwa bado amelala, nikaona haya kumwamsha."

"Basi mshukuru usingizi wa mkeo," Mwalimu Mkuu alisema. "Pesa zako zingekwenda zote."

Shangazi hakumgombeza Chapuchapu mbele za watu. Alimshika mkono wakavuka barabara, na wenye kutaka mafriji wakawafuata. Fundi simu, kijana mwenye miwani minene, aliifuta ile programu, akabadilisha nenosiri, kisha akaisafisha simu ya muuza nyama pia. Shangazi aliwaandikia wateja wote kuwaonya wasibonyeze kitu. Wasiozoea kusoma ujumbe, Chapuchapu alitumwa kuwaambia kwa mdomo, mlango kwa mlango.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Watu huamini upesi kwamba wameshinda, lakini kuwaambia kwamba hawakushinda kunahitaji maelezo. Pale kwa muuza nyama, mzee mmoja aliyekuwa na bakuli la supu alikataa katakata kuamini.

"Mtoto, unataka uyachukue mafriji yote peke yako," alisema.

Chapuchapu alilazimika kueleza upya tangu mwanzo, taratibu, mpaka mzee akamaliza supu na kwenda zake akinung'unika.

Aliporudi, jua lilikuwa limepita utosini. Fundi simu alikuwa dukani na simu ya Shangazi mkononi. Alikuwa amefungua ukurasa wa shirikisho la ligi, ule ule ambao Chapuchapu aliuruka.

"Mechi za mbali zipo hapa, kihalali kabisa," fundi simu alisema. "Dada, jiandikishe tu."

"Chapuchapu atatusomea masharti," Shangazi alisema. "Yote. Kwa sauti."

Chapuchapu akasoma. Kulikuwa na ibara juu ya ibara. Kinyozi alisinzia. Muuza nyama, ambaye hakuona sababu ya kuondoka na mkokoteni mtupu wakati mpira upo, alikaa juu ya godoro lake na kuuliza maana ya kila neno gumu. Hatimaye Shangazi akakubali, akalipia, na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Fundi simu akaunganisha simu na runinga kwa waya. Vifaranga wakatokea kwenye kioo, wa njano, wote kumi na mmoja, wala hakukuwa na sikio mbele yao.

Shangazi alishika kifua. "Kumbe kipa wetu ni mrefu hivyo," alisema.

Urefu haukumsaidia kipa. Vifaranga walifungwa bao moja mapema, na Mwalimu Mkuu akamwomba Shangazi asiiguse suruali yake mpaka mechi iishe. Mpira ulipokaribia kwisha, wapinzani walijaribu kuokoa, mpira ukamgonga mgongoni mshambuliaji wa Vifaranga aliyekuwa akilalamika kwa mwamuzi, ukaingia wavuni. Yeye mwenyewe alichelewa kujua kwamba amefunga. Bao moja kwa moja. Sare ilitosha. Vifaranga hawakushuka.

Shangazi alicheza na futi yake ya kupimia shingoni. Mwalimu Mkuu alirukaruka, kisha akakumbuka yeye ni nani, akaketi na kuuliza habari za sare za shule. Mama muuza maziwa, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akijidai hatazami, akaingia na kukiweka kitambaa chake mezani.

Watu walipotawanyika, Chapuchapu alianza kukusanya vikombe. Shangazi akamwita aketi.

"Unajua lililoniuma ni lipi?"

"Kubonyeza bila ruhusa."

"Hilo lilikuwa kosa, na hutaigusa simu yangu mpaka nione umekua. Lakini kosa ni kama mshono uliopinda. Ukiuona mapema, unafumua nyuzi chache, unashona upya. Wewe uliuona jana, ukashika fagio. Ungeniambia, tungefumua jana ile ile, wala muuza nyama asingesukuma godoro barabarani. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. "Nilitaka kukufurahisha, Shangazi. Na ilisema ni bure."

"Mechi tuliyoitazama kuna watu wameifanyia kazi. Kuna waliobeba kamera, kuna waliotandaza waya, kuna wachezaji wenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa mtu anayekugawia bure jasho la wenzake, unadhani anakupenda? Huyo amekuja kutafuta la kwako. Akikuharakisha, wewe ndiyo upunguze mwendo. Usome. Usipoelewa, uliza mkubwa. Na ukikosea, sema, hata kama ulimi ni mzito. Leo ulisema, mbele ya watu wote wale, na hilo nitalikumbuka kuliko mafriji."

Chapuchapu alisema ameelewa, akaomba radhi. Shangazi akamsogezea kiti karibu na cherehani, na wote wawili wakaanza kupanga vipimo vya sare za shule.