Wimbo Uliotangulia Msiba

Tekla ndiye aliyemkuta. Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, alikwenda kwa jirani yake kurudisha sufuria, akamwona Mwalimu Evarist amelala kifudifudi chini ya meza, pasi ya mkaa ubavuni, damu imeganda sikioni. Mayowe yake yaliujaza mtaa wa Lipangalala.

Mkaguzi wa Polisi Rabia alifika saa tatu kasorobo. Mlango haukuvunjwa. Simu ipo, redio ipo. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai na kinanda cha umeme ambacho hakikuzimwa. Karatasi ya fundi ilikuwa bado imebandikwa: kimesafishwa na kukabidhiwa Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Kando yake kulikuwa na mswada wa marehemu, kitabu cha maisha ya watunzi wa nyimbo za kanisa wa bonde la Kilombero. Chini ya kibanio kulibaki kipembe cha karatasi iliyonyofolewa.

"Shikamoo mama. Asubuhi ulisikia nini?"

"Marahaba. Kinanda. Saa moja hivi."

"Alipiga mwenyewe?"

"Kwa mkono upi?" Tekla alifoka. "Wa kushoto ulikufa kwa kiharusi mwaka juzi. Huyo alipiga kwa mikono yote miwili."

"Wimbo gani?"

"Sikuutambua."

Rabia aliandika jibu hilo, akalipigia mstari. Mama huyu alikuwa ameimba kwaya miaka arobaini.

Mtaa mzima ulimtaja Osward, kiongozi wa kwaya. Wiki iliyopita, mbele ya waumini, alikuwa ameapa kumvunja Evarist kwa sababu Evarist alimwandika kitabuni kuwa ameiba tuni. Rabia alimkuta nyumbani, mkono wa kulia umefungwa hogo la plasta.

"Nilimtishia, sikatai," alisema Osward bila kumkaribisha kiti. "Aliniita mwizi. Lakini wewe, afande, nyimbo zetu unazijulia wapi? Mnatafuta wa kumbebesha tu."

"Mkono umefanya nini?"

"Bodaboda, wiki tatu sasa. Hata kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu."

Rabia aliondoka akijua kwamba mgeni wa saa moja hakuwa huyu.

Mchana aliusoma mswada wote. Katika sura ya Mzee Leodegar wa Mofu, mtunzi aliyeheshimiwa kuliko wote bondeni, alikuta maneno haya: "Wimbo wa Ng'ambo aliutunga siku saba baada ya kumzika mkewe, Paulina, aliyezama mtoni tarehe 14 Machi 1998." Tarehe ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Pembeni Evarist alikuwa ameandika: "Muulize tena."

Jumanne, saa nne asubuhi, Rabia alikuwa kijijini Mofu. Leodegar aliipokea shikamoo yake kwa kuguna.

"Umeonana lini na Mwalimu Evarist?"

"Sijakanyaga Lipangalala tangu Pasaka."

Rabia alimpa picha ya marehemu aitazame, kisha akaipokea kwa kuishika pembeni, akaitia kwenye bahasha. Jumatano asubuhi majibu yalitoka. Alama za vidole zilizokuwa kwenye picha ndizo zilizokuwa kwenye kinanda, za mikono yote miwili. Na kinanda kile kilitoka kwa fundi kimesafishwa Jumapili jioni.

Alirudi kwa Tekla.

"Ule wimbo ulikuwa wa Ng'ambo, na uliutambua. Unamlinda nani, mama?"

Tekla alimtazama kwa chuki mpaka macho yakamlengalenga. Akaingia ndani, akatoka na daftari lililokunjamana.

Saa tisa alasiri waliingia pamoja uani kwa Leodegar. Akina mama wa kwaya walikuwa wamejaa uani wakifanya mazoezi. Wakamzomea Rabia.

"Mwacheni mzee wa watu!"

"Mzee," Rabia alisema, "Jumatatu asubuhi ulipiga kinanda cha Evarist. Alama za vidole vyako ziko pale. Ile karatasi uliyoinyofoa ilikuwa nakala tu. Daftari lenyewe hili hapa."

Tekla akalifungua. "Nilikuwa mwanakwaya huku Mofu, nafuta vumbi kinanda cha kanisa. Ndani nikakuta wimbo kwa mwandiko wako. 'Mtumbwi umerudi mtupu, mama yu ng'ambo.' Nikaunakili, nikaandika na siku. Jumapili, 22 Februari 1998, kabla ya Jumatano ya Majivu. Paulina alikuwa hai. Tulikaa naye benchi moja! Alipokufa nikajiambia nimekosea tarehe. Miaka yote hii, mpaka juzi nilipompa Evarist nakala kwa ajili ya kitabu chake."

Leodegar akakaa.

"Alikuwa anarudi kwao Mahenge," alisema. "Nguo alishafunga. Mwalimu wa kwaya akimbiwe na mke, nani angeimba mbele yangu? Niliamua mwezi wa pili. Tangu hapo nikawa namwona kama marehemu anayenipikia, na wimbo ukaja wenyewe. Wimbo ukija, huufukuzi."

"Na mtumbwi?"

"Niliutoboa, nikaziba kwa udongo. Katikati ya mto udongo uliyeyuka. Mimi naweza kuogelea."

"Na Evarist?"

"Alinipa chai. Akaniomba niupige, ahakikishe noti. Nilipomaliza akanionyesha ile nakala. Akasema, 'Mwalimu, tarehe zimegombana, nieleze.' Hakuwa na hasira hata kidogo. Pasi ilikuwa karibu."

Rabia akamfunga pingu, akamwingiza garini. Mama mmoja alimtemea mate miguuni, wengine wakasimama mbele ya gari lisipite. Tekla akaenda kwao, akampa wa kwanza daftari. Huyo akasoma, akampa wa pili. Mmoja mmoja wakapisha njia.

Leodegar akachungulia kwenye dirisha la gari. "Tekla, wimbo wangu mtauimba?"

"Ijumaa tunamzika Evarist," Tekla alimjibu. "Tutamzika kimya."

Gari likaondoka.