Watoto Wawili wa Jicho

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Gazeti alitunga sindano saba. Mbili za uzi mweupe, mbili za buluu, mbili za kijani, na moja ya uzi mnene wa kushonea vifungo. Alizichomeka kwenye kimto kilichokaa pembeni ya cherehani, mahali ambapo mkono wa mama yake ungezifikia bila kupapasa. Kisha aliazima gazeti la jirani yao, fundi viatu, akasimama mlangoni penye mwanga na kusoma kwa sauti. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Gazeti. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio shuleni.

Mama yake alishona sare za shule. Mikono yake iliijua kazi, lakini macho yalikuwa yameingia ukungu, na daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Dawa yake ni upasuaji tu. Siku ile mama alicheka, akamshika Gazeti begani. "Basi ninao watoto wawili wa jicho, daktari. Huyo ananifumba macho, na huyu ananifumbua."

Fedha za upasuaji zilikuwepo, ila hazikuwa ndani ya nyumba. Miaka mitatu nyuma, mama na fundi viatu walinunua hisa za kiwanda cha sabuni. Mwenye hisa ni mwenye kiwanda, hata kama sehemu yake haifikii tofali moja la ukuta. Kiwanda kikinenepa, naye hunenepa. Kikikonda, hukonda nacho. Mama alipanga kuziuza hisa zake mwisho wa mwezi aende hospitali.

Jumatatu hiyo Gazeti alifika kwenye ukurasa wa biashara, akanyamaza ghafla.

"Mbona kimya? Soma," mama alisema.

"'Kampuni ya sabuni inawatahadharisha wanahisa wake kwamba faida ya mwaka huu itapungua sana kuliko ilivyotarajiwa...'"

Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio. Nje barazani, nyundo ya fundi viatu nayo ilinyamaza. "Kupungua si kufa, jirani," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Kufikia Jumatano, hisa iliyokuwa ikiuzwa shilingi ishirini ilishuka hadi kumi na moja. Mama hakulia. Alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona tena vilevile. Sindano ikamchoma kidole. Alikifunga kitambaa akaendelea, na chai aliyoletewa ikapoa pale pale mezani.

"Nikipofuka, nani ataniletea sare za watoto wake?" alisema, kama anayezungumza na lile shati. "Na wewe utakula nini, mwanangu?"

 Gazeti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa mara ya kwanza alimwogopea mama yake kuliko alivyojiogopea mwenyewe.

Fundi viatu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, aliingia na kiatu kimoja mkononi. "Sikiliza, jirani. Nyumba ikianza kuvuja, mtazame mwenye nyumba. Akihamisha vitanda, nawe hama. Akipanda juu kupiga bati, tulia. Wakubwa wa kiwanda wanaijua sabuni yao. Tungoje tuone watafanya nini."

Basi wakangoja. Alhamisi asubuhi mama aliuliza kabla hata ya salamu: "Wamepanda kupiga bati?"

Gazeti aliona tangazo dogo kwenye kona ya ukurasa, lenye herufi ndogo kama chawa. Liliandikwa: Mkurugenzi mkuu wa kampuni amepata hisa elfu arobaini. Chini yake palikuwa na mistari mingine miwili. Gazeti aliinua macho. Mama alikuwa ameinama mbele, midomo imekauka, mikono imekumbatiana kama ya mtu anayesubiri hukumu.

Amepata, jicho lilisema. Ulimi ukasema vingine.

"'Mkurugenzi mkuu wa kampuni amenunua hisa elfu arobaini.'"

"Rudia!"

Akarudia, amenunua, na ile mistari miwili ya chini hakuigusa. Kupata na kununua, alijiambia, si vyote huishia mfukoni?

"Kapanda kupiga bati!" fundi viatu alipiga kelele kutoka barazani. "Nilisema mimi! Huyo hawezi kutia fedha yake kwenye nyumba inayoungua. Zitapanda tena hizi, jirani, tena zitapita pale zilipokuwa!"

Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na moyo wa Gazeti ukatulia. Haukutulia kwa muda mrefu, kwani mama alikuwa tayari amekwisha kufanya hesabu. Kama wakubwa wananunua, basi huu ndio wakati wa kununua, bei ikiwa chini. Fundi mshonaji wa mtaa wa pili alikuwa akilitamani cherehani la mama kwa miaka. Angemuuzia, angenunua hisa nyingine, na zikipanda angelipia macho yote mawili na kununua cherehani jipya. Fundi viatu naye angetoa fedha aliyoiweka kwa ajili ya ngozi.

"Mama, na zisipopanda?"

"Si umesoma mwenyewe kwamba mkurugenzi amenunua?"

Ijumaa, darasani, mwalimu alieleza sehemu na asilimia, lakini Gazeti hakusikia lolote. Chini ya dawati alikuwa amelikunjua lile tangazo alilolikata. Sasa aliisoma mistari miwili ya chini, taratibu, kidole kikifuata kila neno: Hisa hizo ni sehemu ya malipo yake ya mwaka. Amezipokea bila kutoa fedha.  Mwenye nyumba hakupanda kupiga bati. Alikuwa chini, anapokea malipo yake kama kila mwaka.

Alirudi nyumbani akiwa na maneno mdomoni, akayameza. Mama alikuwa akiimba. Mtu atamwambiaje mama anayeimba?

Jumamosi asubuhi fundi wa mtaa wa pili alifika na mkokoteni. Mama alilipaka cherehani mafuta kwa mara ya mwisho, akalifuta kwa upande laini wa kanga, akapitisha kiganja shingoni mwake. Lilikuwa la bibi yake Gazeti. Kisha yule mnunuzi akainama na kulegeza msumari wa kwanza wa mguu wa meza. Wa pili ukatoka. Gazeti aliona kimto cha sindano kikiwekwa juu ya kiti, sindano saba zikiwa zimetungwa, hazina tena pa kufanyia kazi.

"Acha!" alilia. "Mzee, usilibebe! Mama, nilidanganya. Hakununua!"

Kila mtu alisimama. Gazeti alitoa kipande cha gazeti mfukoni.

"Pameandikwa amepata. Mimi nikasoma amenunua. Nilitaka ufurahi, Mama. Nilikuona ulivyokaa, nikashindwa."

"Mtoto wewe!" Fundi viatu alishika kichwa. "Fedha ya ngozi yangu iko hapa mfukoni, viatu nimeshavaa, nakwenda kununua!"

Mama hakumpiga wala hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Soma yote. Neno kwa neno. Usiniongezee, usinipunguzie."

Gazeti akasoma yote huku machozi yakidondoka. Alipofika bila kutoa fedha, mama alifumba macho. Kisha akamgeukia mnunuzi. "Nisamehe, ndugu yangu. Tafadhali nirudishie misumari yangu."

Jumatatu wote watatu walikwenda kwa wakala wa hisa, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alilisoma tangazo, akatikisa kichwa.

"Mkubwa akipewa hisa, hayo ni malipo. Hayawaambii chochote. Akinunua kwa fedha yake, hiyo ni habari, lakini bado uliza: amenunua ngapi, na alikuwa nazo ngapi? Huyu anazo milioni nne. Hizo elfu arobaini ni chumvi kwenye mchuzi wake. Na hata akinunua nyingi, wakubwa nao hukosea." Akamtazama fundi viatu. "Wengi huja hapa wakidhani wananunua hisa, kumbe wananunua hisia."

Fundi viatu alijikuna shingo. "Na lile neno la bati lilikuwa langu," alisema, na safari hii hakuongeza jingine.

"Zitapanda?" mama aliuliza.

"Sijui. Anayekwambia anajua, mwogope."

Kwa bei ya siku hiyo, hisa za mama zilitosha kulipia jicho moja. Aliuza karibu zote, zikabaki chache za kungojea. Ilimuuma, hakuficha. Lakini daktari alikubali kuanza na jicho la kulia, na cherehani lilikuwa mahali pake kulipia la kushoto, shati moja baada ya jingine.

Asubuhi moja, wiki kadhaa baadaye, Gazeti alikuta sindano zote saba zimekwisha kutungwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni penye mwanga, kile kipande cha gazeti mkononi, kilichochakaa kwa kukunjwa.

"A-me-pa-ta," alisoma. "Kumbe neno lenyewe si gumu."

Gazeti aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama."

"Nilikusamehe siku ile ile ulipolia mbele ya mgeni. Haikuwa rahisi kwako, niliona hata kwa macho yale mabovu." Mama alimvuta karibu. "Lakini lishike hili mpaka uzeeni. Habari mbaya iliyosomwa sawasawa iliniachia cherehani na jicho moja. Habari njema ya uongo ingenichukulia vyote. Anayekupenda hakupambii neno, hukupa neno lilivyo, akakaa nawe mkilibeba pamoja."

Alimpa gazeti la siku hiyo, akaenda kukaa kwenye cherehani.

"Daktari ameniondolea mtoto mmoja wa jicho," alisema, mguu ukianza kukanyaga. "Wewe nimekubakiza. Haya, nisomee, na mistari ya chini usiiache."