Mmea Uliokataa Kusokotwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku aliosha vyombo, akafagia uani, kisha akauendea mkebe uliowekwa nyuma ya jiko. Ndani yake mlikuwa na kishiki cha buga, mmea mwembamba wa kutambaa wenye majani ya mviringo. Bibi yake aliwachemshia mizizi yake watu wenye maumivu ya tumbo; tumbo lisipotulia upesi, aliwafukuza waende hospitali.

Zamani mmea huo ulifunika ukuta mzima. Ukuta ulipobomolewa ujengwe upya, mafundi waliung'oa wote, kikabaki kipande kimoja tu.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwambia mjukuu wake kwa utani wao, "nakukabidhi hiki. Kikifa, basi tena, hatuna kingine."

Kasuku alivimba kichwa kwa furaha. Lakini kila alipouzungusha mmea kwenye kijiti asubuhi, alirudi kutoka shuleni akaukuta umejifungua, unaning'inia. Akauzungusha tena, ukafunguka tena. Majani yakaanza kunyauka, na shina likapata mchubuko.

"Ni Kifungo!" alisema wakati wa chakula, mbele ya watu wote wa nyumbani. Kifungo alikuwa binamu yake aliyelelewa pamoja naye, na jina hilo alilipata kwa kupoteza vifungo vya shati. "Ananionea wivu kwa sababu Bibi alinipa mimi!"

"Mimi?" Kifungo aliacha tonge hewani. "Nimeugusa lini?"

"Si wewe ndiye unayewahi kurudi?"

Kifungo alinawa mikono, akatoka na njaa yake. Tangu siku hiyo hakumsubiri Kasuku waende shule pamoja. Kasuku alijifanya hajali, lakini njia ilikuwa ndefu na hakuna wa kumchekesha. Jina lenyewe Kasuku, na sasa hana wa kuzungumza naye!

Jumamosi, Kifungo alitumwa mashineni kusaga nafaka. Kasuku aliuzungusha mmea, akaketi kando yake kuchambua mchele, hakubanduka. Hakupita mtu, hata kuku. Jua lilipopanda, ncha ya mmea ilikuwa imekiachia kijiti. Mzunguko wa chini nao ukaanza kulegea.

"Bibi! Unajifungua wenyewe!"

Bibi alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akacheka hadi akashika mbavu.

"Unausokota kinyume, mama! Huu una upande wake wa kupandia. Ukiulazimisha upande mwingine, utajifungua kila siku mpaka ukatike." Aliishika ncha taratibu, akaizungushia upande wa pili. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani ni Kifungo."

"Ulidhani," alisema Bibi. Sasa hakucheka.

Jioni, kabla ya kugusa chakula, Kasuku alisimama.

"Kifungo, nilikusingizia. Ni mimi niliyekuwa nausokota vibaya. Nisamehe."

Kifungo alimgeukia. "Kwa hiyo hata mmea umekushinda ubishi?"

Wote waliangua kicheko, na Kasuku akacheka huku akifuta machozi.

"Wajukuu zangu," alisema Bibi, "kabla ya kumnyooshea mwenzako kidole, jiulize kwanza wewe umefanya nini. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu haohao. Haya, kuleni."

Jumatatu asubuhi, Kasuku alimkuta Kifungo ameinama juu ya mkebe, shati halina kifungo cha juu.

"Umeshika kijiti," alisema Kifungo.

"Kweli umeshika," alijibu Kasuku, wakachukua mabegi yao wakaondoka pamoja.