Nyumba Isiyokosa Pennicott

Siku hiyo Icilda alicheleweshwa na samaki. Walifika sokoni jua limeshapinda, na alipomaliza kuwakaanga na kuifunga mikate ya muhogo kwenye kitambaa, kivuli cha kilima kilikuwa kimeshafika nusu ya mashamba ya miwa. Kaka yake Ransford alikuwa amepata kibarua cha ulinzi kwenye jumba la Pennicott, kule juu. Kila jioni Icilda ndiye aliyempelekea chakula.

Shangazi yao, Myrtis, alikuwa barazani akijipepea kwa kofia ya kanisani.

"Mwambie kaka yako anyooshe mgongo," alisema. "Nyumba ile ina jina lake."

"Jina lake wapi, shangazi? Yeye analinda geti tu."

"We cheka. Jaji Pennicott wa Kingston alitoka wapi? Na yule Pennicott wa kriketi, aliyepiga mpira mpaka Waingereza wakavua kofia? Bonde hili lina nyumba tatu za jina letu, zote zimetundikwa kibao cha serikali cha nyumba za kale. Hao kina Brown unaowaona hawana hata banda la kuku la jina lao!"

"Hicho kibao ni cha waliotumiliki, shangazi."

Shangazi Myrtis akasonya. "Aliyekuachia jina amekuachia mali. Nenda, samaki wanapoa."

Icilda akaenda huku akicheka. Alimpenda shangazi yake; ndiye aliyewalea baada ya mama yao kufa. Lakini habari ya jina hawakuwahi kukubaliana. Kina Pennicott weupe walikuwa wamekwisha. Wa mwisho wao, Bibi Honoria, alifia kitandani mwake mle jumbani bila mtoto, na watumishi waliomfumba macho walisimulia kwamba neno lake la mwisho lilikuwa hili: nyumba hii haitakosa Pennicott. Watu walilichukulia kama maweweseko ya mgonjwa. Jina lilibaki huku bondeni tu, kwa wajukuu wa wale watumwa waliopigwa jina hilo kama ng'ombe anavyopigwa chapa.

Geti lilikuwa wazi. Ransford alikuwa ameketi kwenye ngazi za mawe, buti pembeni, anajikuna nyayo.

"Sida! Nilidhani mmeamua nife njaa ili mrithi redio yangu."

"Redio yenyewe inakoroma. Kula, nirudi kabla ya giza."

Ransford akachukua samaki kwa vidole. Icilda akakaa kando yake. Ndipo aliposikia harufu. Tamu, nzito, ya kukaba koo... Harufu ya maji ya miwa yanayochemka. Lakini kinu cha jumba lile kilikuwa rundo la mawe tangu bibi yake hajazaliwa.

"Unasikia harufu?"

"Ya samaki," Ransford akasema na mdomo umejaa.

Ndani ya nyumba kengele ndogo ikalia. Kengele ya mezani, ya kumwitia mtumishi.

Ting... ting...

Ransford akaacha kutafuna. Akapapasa mfuko wa suruali. Ufunguo ulikuwamo, na mlango alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Pennicott..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, laini, isiyo na haraka. Icilda akamshika kaka yake mkono. Hakuna mtoto wa bonde lile asiyeonywa: ukiitwa jioni na usiyemwona, meza ulimi wako.

"Usiitike," akanong'ona.

"Siitiki."

"Ransford Pennicott."

"Naam, bibi."

Alikuwa ameitika. Akamgeukia dada yake, macho yamemtoka.

"Sida, si mimi. Mdomo... umeitika wenyewe."

Nyuma yao mlango ukafunguka taratibu. Ransford akasimama. Akajifuta mafuta ya samaki kwenye suruali, vizuri, kidole kimoja kimoja, huku machozi yakimtiririka. Icilda akamng'ang'ania shati kwa mikono miwili. Shati likachanika. Kaka yake akapanda ngazi peku, akaingia, na mlango ukajifunga polepole, kama mlango wa watu waungwana.

Icilda aligonga mpaka ngumi zikavimba. Kisha akachungulia dirishani. Mishumaa ilikuwa inawaka juu ya meza ndefu. Viti vilikuwa vitupu vyote. Nyuma ya kiti kikubwa alisimama Ransford, mgongo umenyooka, mikono imevaa glavu nyeupe, anamwagia kinywaji mtu asiyeonekana.

Akakimbia kuita watu.

Walikuja na mapanga na taa, na Mama Zilpha wa kanisa la ngoma akiwa na kilemba chake chekundu. Mlango haukuwa umefungwa. Walimkuta Ransford peke yake anang'arisha vijiko vya fedha. Mishumaa haikuwepo. Akawatazama miguu.

"Karibuni," alisema. "Tafadhali msikanyage zulia na matope."

"Ransi, ni mimi," Icilda akasema.

"Karibu, bibie."

Wanaume wanne wakambeba mzobemzobe. Getini akaanza kutoka damu puani. Walipofika darajani pumzi ikakata; Mama Zilpha akaweka sikio kifuani pake, akainua uso.

"Mrudisheni."

"Mama, tukimrudisha tumempoteza!" Icilda akalia.

"Na tukimpitisha hapa tutamzika. Chagua, mwanangu. Mimi ngoma yangu haifiki huko."

Wakamrudisha. Alipovuka geti akavuta pumzi, akajifuta damu, akauliza kama wageni wangependa chai.

Polisi alikuja, akasema hajaona kosa: mtu yuko kazini, anaongea, anakula. Watu wa serikali waliotunza nyumba za kale nao walifurahi. Mlinzi wao alijua chumba gani alilala nani, kiti kipi kilipasuliwa na nani kwa hasira. Wakampa koti jeusi, wakamfanya msimamizi wa nyumba. Wageni walipiga naye picha.

Icilda akawa anakwenda kila Jumapili, kama mtu anayezuru kaburi. Alikaa barazani, na kaka yake akamletea maji ya limau kwenye sinia. "Karibu, bibie." Alimsimulia habari za nyumbani: mbuzi amezaa, redio imekufa kabisa, shangazi anamwombea. Ransford alisikiliza kwa adabu. Lakini kila Jumapili alikuwa amezeeka. Si uzee wa wiki, uzee wa miaka. Nywele zikawa pamba. Mikono ikaanza kutetemeka, na glasi zikawa zinagongana kwenye sinia. Kitu fulani mle ndani kilikuwa kinamtumia kama sabuni.

Jumapili moja, jua likielekea kuzama, aliinama kumimina maji. Midomo yake haikusogea.

"Sida..."

Icilda akaganda. Miezi mingi ilikuwa imepita hajaitwa hivyo na sauti ile.

"Usije tena. Nimechoka, wameona. Wanataka mwingine."

"Twende, Ransi. Nitakubeba."

"Siwezi. Nikiulizwa, siwezi kunyamaza. Ondoka sasa hivi, wasije..."

Ting.

Harufu ya miwa ikamwagika kutoka mlangoni.

"Ransford," ile sauti ikasema, laini, karibu mno. "Mgeni wetu anaitwa nani?"

Icilda alitaka kukimbia. Miguu ikakataa. Ransford akauma mdomo mpaka damu ikachuruzika kidevuni. Taya lake likafunguka kidogo kidogo, kama linalochokonolewa kwa kisu. Alimtazama dada yake, na katika macho yale Icilda alimwona kaka yake mzima, yule wa zamani, amesimama chini kabisa kama mtu kisimani.

"Jina, Ransford."

"Myrtis," akatapika neno. "Myrtis Pennicott."

Halafu sauti ikaita. Haikuinuka, lakini ilishuka kilima, ikapita juu ya miwa, ikafika kila mlango wa bonde.

"Myrtis Pennicott..."

Hapo miguu ya Icilda ikafunguka. Alikimbia akijikwaa, akiomba shangazi yake awe amelala, awe kanisani, awe kiziwi. Sauti ikaita mara ya pili alipokuwa darajani.

Walikutana kwenye njia ya miwa. Shangazi Myrtis alikuwa anapanda mlima bila viatu, kisu cha kumenyea viazi vikuu mkononi, aproni imejaa maganda. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Shangazi! Umeitika?"

"Nimeitwa kwa jina langu lote, mwanangu. Nisiitike, mimi nani?"

"Si wewe wanayemtaka! Rudi, nakuomba, rudi!"

Akamkumbatia kiunoni. Mwanamke aliyekuwa akilalamikia magoti kila akipanda ngazi za kanisa akaendelea kutembea, akimburuta Icilda kwenye changarawe kama kanga iliyonasa mguuni. Icilda aliburuzwa mpaka magoti yakachunika. Walipofika getini mikono ikamwishia nguvu. Akaachia.

Shangazi hakugeuka nyuma.

Asubuhi Ransford alikutwa nje ya geti, mzee wa nywele nyeupe, anapumua. Safari hii walimvusha daraja, na pumzi haikukata. Watu waliimba njia nzima. Mama Zilpha peke yake hakuimba. Alimtazama sana usoni, kisha akaenda zake bila kuaga.

Alasiri Icilda alimpikia shelisheli na samaki wa chumvi. Kaka yake alikula chote. Alikula polepole, mgongo umenyooka, akijipangusa pembe za midomo kwa ncha ya kitambaa.

"Ransi, unakumbuka nini?"

"Sikumbuki kitu." Akaangaza macho chumbani. "Shangazi yuko wapi?"

Icilda alimtazama sana, akitafuta kama kweli hajui, na nje jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya miwa.

Ransford akaweka kijiko chini, taratibu, kisigonge sahani. Akamtabasamia kwa adabu.

"Na wewe, bibie," akauliza, "jina lako nani?"