Kipa Aliyetoka Kambini

Siku ya kufungua robota la mitumba pale soko la Memoria, Moshi, hakuna anayemjali mwenzake. Watu wanasukumana, wanakanyagana, na mwenye mkono mrefu ndiye anayeondoka na nguo nzuri. Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2001, mkono mrefu kuliko yote ulipita juu ya vichwa vya akina mama ukadaka glavu moja ya mlinda mlango. Glavu ya pili ilikuwa tayari mikononi mwa Justina, mwenye meza.

"Kaka, achia," alisema Justina bila kumtazama. "Sijapanga bei bado."

"Nikiachia ataondoka nayo mwingine."

"Basi ishike, lakini usivute!"

Ndipo alipoinua macho. Aliona kijana mweusi wa kung'aa, mrefu, ndani ya trakisuti ya bluu iliyopauka magotini, ameinama ili kichwa chake kisiguse magauni yaliyotundikwa juu. Justina alimtambua mara moja. Kila Jumamosi alikaa uwanjani akimtukana.

"Wewe si Shakiru, kipa wa Theluji?"

"Ndiye mimi."

"Uliyefungwa manne wiki iliyopita?"

"Mawili walikuwa wameotea."

"Na mawili mengine?"

"Mawili mengine sikuwa na glavu, dada yangu. Ndiyo maana unaniona hapa."

Justina alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Timu ya ligi kuu, kipa anatafuta glavu kwenye mitumba! Lakini Theluji ndivyo ilivyokuwa, na mwenye kushangaa alikuwa mgeni mjini. Mwenyekiti, Mzee Filemon, alikuwa amefukuza makocha watatu tangu msimu uanze. Namba mgongoni mwa jezi zilibandikwa kwa plasta, mvua ikinyesha zinabanduka. Mashabiki wakienda ofisini kuuliza, wanaambiwa mwenyekiti yuko Dar es Salaam anafuatilia. Alikuwa anafuatilia nini, mpaka leo hakuna aliyeambiwa.

Justina aliyajua hayo kuliko wengi kwa sababu alikuwa katibu wa tawi la mashabiki hapo sokoni. Yeye ndiye aliyeandika habari za timu kwenye ubao mweusi uliotundikwa nje ya kibanda cha mafundi cherehani, kwa mwandiko ambao hata walimu waliusifia. Siku hiyo alivaa sketi ya jinzi na fulana nyeupe ya Theluji, nywele kazifunga kwa kitambaa cha bluu.

"Zichukue," alimwambia. "Sitaki kitu. Ila Jumamosi ukifungwa, unazirudisha."

Jumamosi Shakiru hakufungwa. Saa moja jioni simu ya Justina ikaita.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Kipa ambaye leo hajafungwa."

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Ubaoni kwenu. Imeandikwa, mwenye maoni apige. Mimi nina maoni."

"Haya, toa maoni yako."

"Katibu wa tawi ni mzuri mno. Anawachanganya wachezaji. Naomba tawi lichukue hatua."

Justina alicheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Hatua zilichukuliwa, na zilikuwa za miguu: Jumapili ile walitembea Rau mpaka msituni na kurudi, na Jumapili iliyofuata, na zilizofuata, nyingine zikiishia Njoro, mezani kwa mama yake Shakiru, muuza vitumbua. Justina alimwita kipa wangu, na Shakiru akamwita laazizi.

Mwezi wa tano Justina akampeleka Uru kwa mama yake. Mama Sirili, mjane, aliishi kwa kahawa na migomba, na Misa hakuikosa hata akiumwa. Alimkaribisha kijana kwa adabu zote, akampakulia mtori wa ndizi na nyama, kisha akamwita binti yake jikoni.

"Mwislamu, sawa, hilo tutazungumza na padri. Lakini mpira, Justina? Mpira unalisha mtu?"

Jiko lile la mbao lilikuwa na nyufa, na Shakiru alisikia kila neno. Waliposhuka kurudi mjini, alisimama kwenye daraja la Rau.

"Mama yako anadhani utakufa njaa kwangu."

"Atazoea, mpenzi."

"Hatazoea. Nitamwonyesha," alisema Shakiru, na hakuwa anatania.

Mwishoni mwa mwezi wa sita ikabaki mechi moja, nyumbani. Theluji ikishinda inabaki ligi kuu. Ikifungwa inashuka daraja. Uongozi ukaiweka timu kambini huko huko Uru, kwenye madarasa ya shule iliyokuwa likizo. Kambi za mpira mnazijua: wachezaji wananyang'anywa simu, hawatembelewi, na mpenzi ndiye adui wa kwanza, kwa hofu ya kurogwa au kununuliwa. Ili vijana wale vizuri, tawi la Memoria lilichanga magunia mawili ya mchele, maharage, mafuta na mbuzi wawili. Justina alizunguka meza kwa meza mpaka sauti ikamkauka. Katibu wa klabu, Bwana Aristides, alikuja na pikapu, akapakia kila kitu mbele ya watu.

"Watakula mpaka washindwe kukimbia," alitania, na watu wakampigia makofi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Dakika ya ishirini ukaja mpira wa polepole, wa kudaka hata mtoto. Shakiru akapiga goti, mpira ukampita chini ya kifua, ukaingia. Uwanja mzima ulishika vichwa. Kipindi cha pili Theluji walikuwa wanatembea, mikono viunoni, na la pili likaingia bila mtu kuruka. Watu wazima walilia siku ile. Wengine walirusha chupa, na Justina, aliyekuwa na ubuyu mdomoni tangu mapumziko, alijikuta ameutafuna na mbegu zake.

Jumatatu asubuhi barua ya uongozi ikafika tawini. Kipa Shakiru amesimamishwa kwa tuhuma za kuuza mechi. Alhamisi alasiri alitoroka kambini, na alionekana barabarani akiwa na gunia kubwa. Mkutano mkuu wa wanachama utaamua kumfukuza.

Saa hiyohiyo Shakiru mwenyewe akatokea nyuma ya meza, kati ya makoti, macho mekundu.

"Niangalie," Justina alimwambia. "Alhamisi ulitoka kambini?"

"Nilitoka."

"Ulikwenda wapi?"

"Siwezi kusema, laazizi."

"Usiniite laazizi! Gunia lilikuwa na nini?"

Shakiru alishika mkono wa koti lililotundikwa kando yake.

"Sema chochote, Shakiru. Hata uongo, nipate cha kushika."

"Sijauza mechi. Hilo ndilo la kushika."

"Basi sema ulikokwenda!"

"Niamini hivyohivyo. Naomba."

Justina hakuweza. Aliufikiria mchele ule, mbuzi wale, sauti yake iliyokauka kwa ajili ya vijana hawa, na mtu aliyempenda amesimama mbele yake hana jibu. Alikuwa na hasira na uongozi tangu msimu uanze, hasira isiyo na mahali pa kutua kwa sababu mwenyekiti hakuwahi kuonekana. Sasa alionekana mtu. Alichukua chaki, akaenda ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa: KIPA KAUZA MECHI. Alipogeuka, Shakiru hakuwepo tena.

Saa tisa alasiri mji mzima ulikuwa umeshajua. Saa kumi na moja simu ikaita.

"Justina? Ni Zuleha, dada yake Shakiru."

"Nakusikia."

"Mama leo karudi na vitumbua vyake vyote. Njoro nzima hakuna aliyenunua hata kimoja. Nimepita hapo kwenu nikausoma ubao. Ule ni mwandiko wako?"

Justina alijifuta vidole kwenye sketi, kana kwamba bado vina chaki.

"Ulikula kwetu, Justina," alisema Zuleha, akakata simu.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Shakiru hakupiga, na Justina hakupiga, ingawa simu aliishika mpaka ikapata joto. Mchana aliuza, akapunja watu na akapunjwa. Alijiambia kwamba amefanya haki, na alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu mwenye uhakika. Jumapili akapanda Uru.

Mama Sirili alikuwa anamenya ndizi. "Yule kijana wako mbona umemwacha?"

"Mama, usinitajie. Ameuza mechi. Alitoroka kambini Alhamisi akaenda kupokea gunia."

Mama aliweka kisu chini.

"Alhamisi alikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapo mlangoni. Nilimkaribisha, hakutaka kukaa. Hata shikamoo yake haikutoka vizuri. Akaniambia, mama, tuko kumi na wanane, tangu Jumanne tunakunywa uji wa chumvi, mpishi kaondoka, viongozi hawaonekani. Nimekuja kwako kwa sababu huku sina kwingine."

Justina alikaa kwenye kigoda bila kukiangalia.

"Nikakata mikungu miwili. Mmoja kaubeba begani, mwingine tukautia kwenye gunia, na maharage. Watu kumi na wanane, mwanangu, huo ni mlo mmoja. Sikuwa na zaidi. Jumamosi nilisikia redioni mmefungwa, nikajua wamecheza na maji tumboni."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Aliniomba usijue. Alisema, mama, nilitaka nirudi hapa kuposa, siyo kuomba chakula." Mama Sirili alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na hiyo ndiyo siku niliyompenda. Mwanamume anayemeza aibu ili wenzake wale, huyo atakulisha. Lakini wewe, Yesu wangu! Wewe umekuja hapa na jibu tayari, hukuniuliza."

Njia nzima ya kushuka Justina alilia, na wenye vikapu waliompita walidhani ametoka msibani. Alifuta ubao siku hiyohiyo, lakini mji hauna dasta. Alimpigia Shakiru mara sita. Simu iliita, haikupokelewa.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi karibu na stendi. Mzee Filemon alikuja na suti ya kijivu, akasoma agenda ya kwanza: kumfukuza kipa msaliti. Mikono ilikuwa imeshaanza kunyooka. Justina, ndani ya gauni jeusi aliloshonewa kwa Pasaka, akasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, shikamoo. Kabla ya kura, mchele wetu uko wapi?"

"Agenda hiyo haipo, binti. Keti."

"Magunia mawili, maharage, mafuta, mbuzi wawili. Bwana Aristides alipakia tukiona. Wachezaji walikuwa wanakunywa uji wa chumvi tangu Jumanne. Shakiru alitoka kambini kwenda kuwaombea chakula, na aliomba kwa mama yangu mzazi, Uru. Gunia lile lilikuwa na ndizi. Mimi ndiye niliyeandika kwamba kauza mechi. Niliandika uongo. Nawaomba radhi, na yeye namwomba radhi zaidi."

Bwana Aristides alisimama kusema kwamba pikapu iliharibika njiani, kwamba mchele ulihifadhiwa, kwamba mbuzi walikuwa wagonjwa. Hakumaliza. Nahodha Denis alisimama upande wa wachezaji.

"Ni kweli," alisema. "Alituapisha tusimwambie mtu alikozitoa. Zile ndizi nilikula na mimi."

Akasimama wa pili, akasimama wa tatu, mpaka wote wakawa wamesimama, na ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza, wakataka uongozi ujiuzulu palepale. Mzee Filemon alingoja makelele yapungue, akatamka kwamba ataunda kamati ya uchunguzi, itakayochaguliwa na yeye, na mkutano umeahirishwa. Hivyo tu. Akatoka kwa mlango wa nyuma na suti yake. Na huku nyuma, kwa vile Moshi ina watu wa kila aina, mmoja akaanzisha wimbo wa kipa aliyeomba ndizi ukweni, na nusu ya ukumbi, waliokuwa wanalia kwa hasira muda huohuo, wakaangua kicheko na kuitikia.

Shakiru alikuwa nje, dirishani. Mtu aliyesimamishwa haruhusiwi kuingia. Alikuwa amesikia vyote, wimbo pia. Justina alimkuta ameegemea ukuta, begi la safari miguuni.

"Nisamehe," alisema Justina.

"Unasikia wanavyoimba? Nilijua wataimba. Sikukuficha habari ya mama yako kwa jeuri."

"Ulitaka ninyamaze, wakufukuze?"

"Hapana. Umesema kweli na umenitetea, nakushukuru." Alitazama dirishani. "Lakini sasa unaniamini kwa sababu ya ndizi, Justina. Mimi nilitaka uniamini Jumatatu, nikiwa sina kitu. Mama yako hakuniuliza swali hata moja. Alichukua panga akaenda mgombani."

Justina aliliangalia begi.

"Unakwenda wapi?"

"Tabora. Kuna timu ya daraja la pili, imenipa nafasi. Basi linaondoka sasa hivi."

"Nikupigie?"

"Piga."

"Utapokea?"

"Sijui," alisema Shakiru, akabeba begi. Hakumshika mkono, na Justina alimwangalia mpaka akapotea stendi.

Alipiga Jumapili, haikupokelewa. Alipiga Jumapili ya pili, ya tatu, ya nne. Mzee Filemon bado alikuwa mwenyekiti, kamati yake haijakaa hata mara moja, na Theluji ilianza daraja la kwanza kwa kufungwa tatu. Jumapili ya tano simu ikaita mara moja tu.

"Haloo," alisema Shakiru.

Justina alikuwa ameyapanga maneno wiki tano, yakamtoka yote akilini.

"Mama hajambo?" aliuliza Shakiru.

"Hajambo. Kila siku anakuulizia."

"Mwambie jana tumeshinda. Mwambie na chakula tunakula, asiwe na wasiwasi."

"Nitamwambia." Alijikaza. "Na mimi, Shakiru? Mimi unaniambia nini?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Wewe," alisema Shakiru, "piga tena Jumapili."